Mapazia ya Wodi ya Kina Mama

Kila kitanda katika wodi mpya ya kujifungulia kilikuwa na pazia lililoshuka kutoka darini hadi karibu na sakafu, na kwa sababu hiyo Injinia Ondiek alikataa kutia sahihi cheti cha usalama wa moto.

Wafadhili walioijenga wodi hiyo, katika hospitali ndogo ya misheni nje kidogo ya Kitengela, walitaka iwe na vinyunyizio vya kuzima moto. Kampuni ya Ondiek ilivifunga mwaka huo wa 2003. Alikuwa amevisogeza viwili kuepuka boriti, na kimoja kuepuka feni. Maji hutoka darini yakiwa yametanuka kama mwavuli, na chochote kinachoingia ndani ya mwavuli huo huacha sehemu kavu nyuma yake. Mapazia yalitundikwa baada ya yeye kumaliza kazi. Sasa moto ukizuka, maji yangelowesha njia ya katikati, na vitanda vingebaki vikavu.

"Toa mapazia," alimwambia Sista Naipanoi, muuguzi msimamizi. "Utafungua mwisho wa mwezi, bila shida."

"Nikiyatoa nitamfungulia nani?"

Akamweleza. Wodi ya zamani haikuwa na mapazia. Mwanamke wa Kimaasai hakubali kulala akinyonyesha huku wanaume wa rika la baba yake wakipita kuwaona wagonjwa wengine. Kwake, kila mmoja wao ni baba. Kwa hiyo walikuja kliniki mpaka mwezi wa nane wa mimba, kisha wakajifungulia nyumbani, Bisil au Mashuuru, mbali na daktari. Mmoja hakupona.

"Na nyinyi Wajaluo mko na yenu, mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe," Naipanoi aliongeza. "Wako akikupata hapa, utatokea wapi?"

"Dirishani," Ondiek alijibu bila kucheka.

Alipanda ngazi, akapima. Reli za mapazia zilikuwa zimezamishwa kwenye zege la dari na hazingeweza kuteremshwa. Alipotua chini alisema kuna njia moja: nusu mita ya juu ya kila pazia ikatwe, iwekwe wavu ambao kidole kinapita kwenye matundu yake.

"Huko juu nani atachungulia? Twiga?" Naipanoi alisema. "Weka wavu."

Stoo ya hospitali ilikuwa imejaa neti za mbu. Siku chache baadaye fundi wa kushona, Ndunge, alikuwa ameshonea kipande cha neti juu ya pazia la kwanza. Ondiek aliomba mkebe wa kumwagilia maua, akamimina. Maji yalitanda kwenye neti, yakateleza taratibu mpaka kwenye kitambaa. Machache sana yalipita.

"Inazuia mbu na inazuia maji," alisema.

"Lakini ina matundu, Injinia."

"Nilisema kidole."

Ndunge alijaribu. "Cha mtoto mchanga, labda."

"Hata hicho hapana."

Ndunge akaleta nyavu nyekundu zinazofungiwa vitunguu vya Loitokitok. Matundu yalikuwa makubwa vya kutosha. Ondiek aliwasha kiberiti. Wavu ulijikunja, ukadondosha matone ya plastiki yanayowaka. Aliyazima kwa kiatu.

"Haya yatamwangukia mtoto," alisema, na Ndunge akazikunja nyavu zake.

Jioni hiyo Ondiek aliketi kwenye kochi lake, katika nyumba aliyopanga Kitengela, akakiangalia kitambaa cha kochi alichokifuma mkewe, Lorine, kwa kroshia. Alipitisha kidole tunduni. Kikapita.

"Unatoboa kitambaa changu?" Lorine aliuliza.

"Ni uzi wa pamba?"

"Ni pamba. Na hakitoki hapa."

"Nataka nusu mita tu."

"Dalmas, nenda ununue uzi kama watu wengine."

Alinunua uzi. Naipanoi aliwagawia wanawake waliosubiri kliniki, na waliojua kroshia wakawafundisha wasiojua. Vipande vya kwanza vilivyokamilika vilikuwa na maua katikati. Ondiek alivirudisha.

"Maua yatoke."

"Ni mapambo tu," Naipanoi alisema.

"Ua ni kizuizi. Limejaza tundu."

Walifumua wakinung'unika. Seleyian, aliyekuwa amebakiza wiki chache kujifungua, alimuuliza kama nyumbani pia anaupima ugali kwa rula. Benchi zima likacheka.

"Ugali hautundikwi darini," Ondiek alisema, akaendelea kukagua matundu.

Vipande visivyo na maua vililowekwa katika dawa ile ile ya kuzuia moto iliyotumika kwenye mapazia, vikaanikwa, Ndunge akavishona. Siku ya majaribio mapazia yote yalifungwa, beseni zikapangwa juu ya vitanda vilivyoondolewa magodoro, na kinyunyizio kimoja kikafunguliwa. Maji yakaanguka kwa kishindo. Yalipozimwa, Ondiek alipita na rula kutoka beseni hadi beseni. Zilizokuwa karibu na mapazia zilipata maji kidogo kuliko nyingine, lakini zaidi ya kiwango kilichotakiwa. Alipima tena, akatia sahihi.

Wodi ilifunguliwa mwisho wa mwezi. Seleyian hakwenda kujifungulia Bisil.

Ondiek alikuwa amekuja kukagua pampu siku mzee mmoja wa rika la baba yake Seleyian alipoingia kumwona mjukuu wake, kitanda cha jirani. Seleyian aliisikia sauti yake mlangoni, akavuta pazia. Mzee aliona kitambaa kikitikisika, akaelewa. Alikaa kitini upande wa pili, akiwa amelipa pazia mgongo.

"Takwenya," alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," Seleyian alijibu kutoka ndani.

"Umepata nini?"

"Msichana."

"Anakula?"

"Hajui kazi nyingine."

Mzee alicheka, akamwuliza kama mvua imefika kwao. Wakaendelea hivyo, yeye akinyonyesha, mzee akihesabu ng'ombe waliorudi kutoka malishoni, mpaka muuguzi akaja kuwaambia wageni kwamba muda wa kuwaona wagonjwa umekwisha.