Mlango wa Nyuma

"Piga redio," Shangazi akaamuru. Nilikuwa nimelala chali kwenye machela ndani ya gari, nimefungwa mikanda kama majeruhi. Nikapiga. Mlango wa nyuma ukajifunga kwa kishindo, ukagoma kufunguka.

Shangazi hatukuwa na undugu naye. Alikuwa mhandisi mkuu wa karakana yetu ya jeshi, na jina hilo tulimpa kwa sababu alichungulia kila sufuria kama shangazi aliyekuja kutembea.

Gari lile la kubebea majeruhi lilikuwa limefaulu vipimo vyote. Kilichotuponza ni adabu zetu. Fundi wa makomeo ya umeme akipima, mimi, fundi wa redio, nilizima redio nisimsumbue; nikipima mimi, naye alizima yake. Kila mmoja kazi yake ilikuwa safi. Kuviwasha vyote pamoja, watu wakiwa ndani, aliwaza Shangazi peke yake. Dereva angeita msaada, na kwa kuita tu angewafungia ndani majeruhi wake.

Makabidhiano yalikuwa kesho yake. Dereva mwenyewe alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama.

"Wakubwa watatutafuna," nikamwambia Shangazi wenzetu walipotutoa kwa mtaimbo.

"Waanze na mimi, nina mifupa migumu. Gari halitoki."

Na kweli walimtafuna. Cheo alichokisubiri akapewa mwingine. Sisi tulitenganisha nyaya za redio na za makomeo, tukazifunika upya, tukawasha vyote na kulala kwenye machela kwa zamu, mpaka mlango ukatii.

Mwaka uliofuata gari likakanyaga bomu, likashika moto. Mdogo wangu alinisimulia huku anacheka, maana ndivyo anavyoficha hofu.

"Dada, mkono mmoja naita msaada, mwingine nasukuma mlango. Ukafunguka kama wa jokofu!"

Sikucheka. Nilimkumbatia nikalia mpaka akaona haya.

Jumapili nikampeleka kwa Shangazi, ambaye alikuwa amekwisha kustaafu. Njia nzima nilipanga maneno ya shukrani. Tulipomkuta uani anaanua nguo, yakayeyuka yote.

"Shikamoo, Shangazi. Huyu ndiye mdogo wangu. Ndiye aliyekuwa anaendesha."

"Marahaba." Akamtazama kutoka utosini hadi viatuni, shuka likiwa begani. "Na wale uliowabeba?"

"Walitoka wote, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akajifunika uso kwa lile shuka, na sisi tukamwanulia nguo zilizobaki.