Tone la Risasi

Mukonyo hakuwa na sababu ya kuigusa ile mashine ya CD. Alikuwa mgeni tu katika nyumba ya binti yake pale Kangemi, amekuja kutoka Machakos kutengenezewa miwani, na mgeni hapangusi vumbi. Lakini mashine ilikuwa ya marehemu mumewe, Nthiwa, ambaye alimpa binti yao Ndunge kwa mdomo wake mwenyewe kwa kuwa kule nyumbani hakukuwa na stima. Kwa hiyo asubuhi moja, Ndunge alipokwisha kwenda kazini, mama mtu akachukua kitambaa, akaiinua ili aifute chini.

Ikanyanyuka kama boksi tupu la viatu. Ndani yake kitu kidogo kikagongagonga.

Mukonyo akairudisha kabatini polepole kama mtu aliyeinua mtoto mgonjwa. Mashine ya Nthiwa ilikuwa nzito. Siku ya kuileta Nairobi walipokezana kuibeba. Nani basi aliyeitoa matumbo? Si Ndunge, huyo hata balbu huogopa kubadilisha. Alibaki Joash, mkwewe, dereva wa basi la shule moja huko Karen. Ilikuwa Agosti, shule zimefungwa, na Joash alishinda nyumbani kutwa, amejifungia chumbani.

Kumwuliza hakuweza. Kati yao palikuwa na nthoni, ile haya ya mkwe na mama mkwe ambayo Mukonyo alilelewa nayo wala hakuwa tayari kuiacha kwa sababu ya mji. Joash alimwamkia kutoka mlangoni, macho chini. Hawakushikana mikono, hawakula meza moja, na neno lolote lilipitia kwa Ndunge. Basi Mukonyo akafanya jambo ambalo haya yenyewe haikumkataza. Akatega sikio.

"Ukilipata niwekee," Joash alikuwa akisema kwenye simu ya mkononi, sauti chini. "Nitakuja mwenyewe. Hapana, usinipigie jioni. Sitaki mke wangu ajue."

Jioni ile, wakichambua sukuma wiki, Mukonyo alianza kwa mbali. "Mume wako ana kazi nyingine?"

"Ni dereva, Mama. Kwani?"

"Nauliza tu. Na mashine ya baba yako, bado inaimba?"

"Ilianza kurukaruka, siku hizi haisomi kabisa. Imezeeka."

"Kitu hakizeeki bure," Mukonyo akasema.

Siku ya kuchukua miwani, Ndunge hakupata ruhusa kazini, ikabidi Joash ampeleke. Mjini alitangulia yeye, mama mkwe akafuata nyuma hatua kadhaa, kama inavyotakiwa. Kwenye duka la miwani la Mtaa wa Tom Mboya, Joash alimwambia msichana wa kaunta, "Tafadhali mwambie mama nakuja sasa hivi, anisubiri hapa hapa." Kisha akatoka.

Msichana akamvisha Mukonyo miwani. Dunia ikamjia na kingo zake: herufi za mabango ya ng'ambo ya barabara, mikunjo ya vidole vyake mwenyewe, na mgongo wa Joash ukiondoka, mfuko wa koti umetuna kwa kitu kilichofungwa gazetini.

"Mama, umeambiwa usubiri!"

Mukonyo alikuwa ameshafika barabarani.

Mtaa wa Luthuli ulimpokea kwa kelele. Kila duka lilikuwa limetoa spika zake nje, na kila spika ilishindana na jirani yake. Joash aliingia duka moja jembamba. Mukonyo akajibanza nyuma ya rundo la maboksi kando ya mlango, akachungulia. Nyuma ya kaunta palikuwa na mzee mwenye ndevu na kofia nyeupe yenye ukingo wa dhahabu. Joash alimwita Moiz, akafungua gazeti. Ndani mlikuwa na kidude cheusi chenye jicho dogo la kioo na mkia wa nyaya. Moiz akakigeuzageuza, akaingia ndani, akarudi na kipakiti cha rangi ya fedha. Joash akakitia mfuko wa ndani wa koti. Kidude cheusi kikabaki kaunta.

Ameuza matumbo ya mashine ya Nthiwa, Mukonyo akajiambia. Amepewa nini badala yake?

Joash alikuwa amekwisha kutoka, amempita bila kumwona, Moiz alipokumbuka jambo, akaja hadi mlangoni.

"Joash! Ile risasi! Toa risasi kwanza, la sivyo haifanyi kazi!"

Joash akapunga mkono bila kugeuka. Spika zilikuwa zimeyala maneno. Mukonyo, aliyesimama hatua moja kutoka kwa yule mzee, hakukosa hata silabi.

Risasi. Kila usiku redio ya Ndunge ilitaja watu waliovamiwa na majambazi, naye alikuwa akiwasikitikia waliozaa watoto kama hao. Bahati yake, Joash alisimama kwa mchuuzi kuchagua bisibisi. Mukonyo akampitia nyuma, na mkwewe alipofika duka la miwani alimkuta ameketi, mikono mapajani, anahema.

"Mwambie mama twende," Joash akamwambia msichana.

Nyumbani Mukonyo alimngoja Ndunge jikoni. Alimweleza habari ya mashine tupu, ya simu, na ya kipakiti. La risasi alilimeza, kwa maana angeulizwa alilisikia wapi, na mwanamke anayemnyatia mkwewe mitaani hana pa kuficha uso. Ndunge alianza kwa kucheka. Aliposikia "sitaki mke wangu ajue," kicheko kikakatika.

"Joash!"

Joash akatoka chumbani na kila kitu mikononi, matumbo ya mashine juu ya sinia, skrubu ndani ya kikombe, kile kipakiti. "Leza ilikufa," akasema. "Ndiyo jicho linalosoma CD. Nimenunua jipya. Ningekwambia, lakini tangu nilipoharibu pasi ulinikataza kufungua kitu chochote humu ndani."

"Basi ifungie hapa, mezani. Tuone."

Mukonyo akakaa kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, akawapa ubavu. Akasikia bisibisi ikikwaruza, Joash akihema puani. Hatimaye mashine ikawashwa. CD ikazunguka, ikasita, ikazunguka, ikanyamaza.

"Haioni CD," Ndunge akasema.

Joash akajaribu tena, na tena. Shingo ikamvimba. "Moiz ameniuzia leza mfu! Mzee mzima, miaka yote namwamini!"

"Au hujui unachofanya. Au kuna mengine hujasema."

"Mengine gani?"

Joash akachukua koti lake aende akamtafute Moiz hadi kwake Parklands, ashike ndevu zake kama ikibidi. Mukonyo akaona ugomvi unakwenda kwa mtu wa tatu, mzee asiye na kosa, na ni yeye Mukonyo peke yake aliyelisikia onyo la mzee huyo. Akaukazia macho ukuta.

"Ndunge, mwulize mume wako kama ametoa risasi."

Joash akasahau nthoni, akamtazama usoni. "Risasi gani?"

"Mimi sijui. Nilidhani ni ya bunduki."

Joash akaliacha koti likaanguka. Akafungua mashine upya, akalitoa lile jicho, akaliinamia chini ya balbu. Palikuwa na tone linalong'aa, dogo kuliko kichwa cha kiberiti, limeunganisha njia mbili za umeme. "Ni risasi ya kulehemu," akasema polepole. "Huwekwa kiwandani leza isiungue safarini. Unaiondoa ukifunga." Akapasha moto chuma chake cha kulehemu, akaligusa tone, akalifuta.

Safari hii mashine ikaimba. Ilikuwa rumba, gitaa safi kabisa, na hakuna aliyetikisa hata bega.

"Mama," Ndunge akauliza, "Moiz ulimsikia wapi?"

Mukonyo akasema yote. Kufuata, kujibanza nyuma ya maboksi, kurudi mbio. Hakujitetea. Joash akapunguza sauti ya muziki.

"Alidhani nimeua nani?" akamwuliza mkewe.

Hakungoja jibu. Akabeba sahani yake ya ugali akaenda kula chumbani, kama kila siku, ila jioni hiyo aliufunga mlango.

Mukonyo alirudi Machakos wiki iliyofuata. Alipopiga simu kuwajulia hali, Ndunge alimwambia siku moja, nusu akicheka, kwamba Joash hukaa karibu na simu hadi maongezi yaishe, kisha huuliza, "Ameuliza nini juu yangu?" Mukonyo hakuona la kuchekesha.

Desemba walikwenda kumtembelea. Joash alipanda juu ya paa la jiko akagongelea mabati yaliyolegea, jua kali, hakuna aliyemtuma. Mtoto wa jirani alikuwa karibu, angeweza kutumwa kuipeleka chai. Mukonyo alimwacha acheze. Akaibeba mwenyewe hadi chini ya ngazi, akasimama na kikombe.

Joash akashuka, akakipokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, Mama," akasema, akitazama milima.

"Ina tangawizi," Mukonyo akajibu, naye akiitazama milima hiyo hiyo.