Vibao Viwili Vyeusi

Mwandishi wa vibao alipiga chafya, brashi ikaruka, na herufi ya mwisho ya neno KARIBU ikaota mkia. Lilikuwa bango la tatu kuharibika asubuhi hiyo ya Jumanne. Macho yalimwasha, pua ilichuruzika bila adabu, na kila mwaka, majira hayahaya, watu walimuuliza kama amefiwa.

"Sasa basi," alimwambia mkewe. "Jumamosi mkata miti anakuja. Huo mti unaondoka."

Mti wenyewe ulisimama mbele ya dirisha la karakana yake, umejaa maua mekundu toka juu hadi chini. Aliupanda mama mkwe, marehemu sasa, wiki waliyofunga ndoa. Mkewe hakubisha. Alikuwa akikunja shuka alizozianua uani. Akaikunja moja vizuri, akaikunjua, akaikunja tena. Mwandishi alimjua mkewe. Akigomba, mambo ni shwari, akinyamaza, ameumia. Na tangu siku hiyo akanyamaza kwelikweli.

Alhamisi mwandishi akaenda duka la dawa. Mfamasia, binti wa rika la mwanawe wa kwanza, alimpa vidonge vya mzio visivyoleta usingizi, pamoja na maagizo tele.

"Baba, asubuhi upepo unapoanza, funga madirisha. Oga na uoshe nywele kabla ya kulala. Shuka anikeni ndani. Na pua uisafishe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, si ya bomba hivihivi."

"Na mti nimeshauitia msumeno."

"Mti gani?"

Alipoueleza, binti akacheka. "Huo unaonewa bure! Maua makubwa namna hiyo, unga wake ni mzito, unabebwa na ndege na wadudu. Unga unaokutesa wewe unasafiri na upepo. Mara nyingi unatoka kwenye mmea ambao hata ua lake hulioni."

Aliondoka na vidonge, ila maneno yale hayakumwingia. Miaka ishirini anapiga chafya akiutazama mti ule, leo aambiwe hauna kosa? Hata hivyo yalimkaa kichwani. Ijumaa jioni akapaka vibao viwili rangi nyeusi ya mafuta, ile inayochelewa kukauka, ikanasa kila kinachotua juu yake.

Jumamosi, kabla jua halijatoka, akavaa barakoa. Kibao kimoja akakilaza chini ya mti wa mama mkwe. Cha pili akakipeleka nyuma ya nyumba, chini ya mivinje mitatu, miti asiyowahi kuiona ikitoa ua, aliyoipanda yeye mwenyewe zamani ili vumbi la barabara ya nyuma lisimharibie kazi. Akasimama kusubiri.

Jua likachomoza, upepo nao ukaamka. Mvinje wa kwanza ukatikisika, na kwenye ncha zake zenye rangi ya kutu ukatoka moshi. Nusura apige kelele za moto. Lakini moshi ule ulikuwa wa dhahabu. Ulijikunjua taratibu kwenye mwanga, ukapita juu ya kamba ya nguo, ukaingia kwenye dirisha la chumba cha kulala, ambalo mkewe hulifungua kila asubuhi ili mumewe apate hewa safi. Mvinje wa pili ukafuata, kisha wa tatu, na uani kote kukawa kunameremeta.

Alisahau kukimbia. Kitu kikubwa hivi, kizuri hivi, kimempita usoni miaka ishirini, naye hajawahi kukiona! Alijiona mdogo kabisa. Miti ilikuwa na shughuli zake, inatafutana, na pua yake ilikuwa njiani tu.

Kibao cha mivinje kiligeuka njano. Akakibeba, akakimbilia kile cha maua mekundu: vumbi kidogo, na sisimizi mmoja aliyenasa. Alipoinua kichwa, mkewe alikuwa kizingitini anavitazama vibao vyote viwili, na mkata miti yuko getini na msumeno wake.

"Upi, mzee?"

"Hakuna," akasema mwandishi. Machozi yalimtoka, na safari hii hayakuwa ya mzio. "Njoo msimu ukiisha uipogoe mivinje. Leo ukiigusa utaniua."

Mkata miti akaondoka akiguna. Mwandishi akausogelea mti wa maua mekundu, akavua kofia. Mama mkwe alipokuwa hai, mwandishi hakuwahi kupita mbele yake bila kumwamkia.

"Shikamoo, mama," alisema. "Nilikusingizia."

Kisha sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu Jumanne ikaitika kutoka mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Haya, ingia ndani ukaoshe pua. Dirisha nimeshafunga."