Keria ya Nerima

Mimi Nangila sikuvunja kanuni. Niliisoma, basi. Walioiandika ndio hawakuisoma.

Mwaka tisini na tatu dada yangu Nerima, kwenye mashindano ya magari, aliingia kona ya mteremko na Corolla yetu kuukuu, nyuma ikapoteza mshiko, gari likabingirika. Akavunjika bega. Wenzake walipita salama kwa sababu magari yao yana bawa la nyuma, lile ambalo upepo hulikandamiza na gari likashika ardhi. Nikachomelea la kwetu kwenye gereji yangu hapa Bugolobi. Chama cha mashindano kikaleta barua: bawa ni la kiwandani tu. Ala! Corolla yetu ilitoka kiwandani bila bawa, kwa hiyo Nerima afe?

"Nitaendesha hivyo hivyo," Nerima akasema.

Namjua, angeendesha. Niliogopa.

Nikakipekua kijitabu cha kanuni mara tatu. Ukurasa wa tisa: keria ya mizigo juu ya gari inaruhusiwa. Nani Kampala hana keria? Hata hawakufikiria kuikataza. Nikaunda keria, sakafu yake bati pana, upande wa nyuma umeinuka.

Siku ya mashindano mkaguzi, Afande Otema, polisi mstaafu wa Naguru, akaizunguka mara mbili.

"Hii ni bawa, mama. Toa."

"Ni keria, Afande. Ukurasa wa tisa."

"Keria inabeba mizigo. Yako inabeba nini?"

Nikafungua buti, nikatoa mkungu wa matoke, nikaufunga pale juu kwa kamba ya mgomba. Wenye mabawa ya kiwandani wakapiga kelele eti nawadharau. Kweli, nilikuwa nawadharau.

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," nikamwambia Afande kwa hasira.

Akauvuta mkungu. Haukutingishika. Akaandika kwenye fomu: mzigo, matoke.

"Pita."

Nikakimbilia kwenye ile kona. Corolla ikaja kwa kasi, ikakata, nyuma ikatulia tuli. Nililia mbele ya watu wote, wala sikuona haya.

Nerima alimaliza wa nne, akashuka kwa miguu yake mwenyewe. Yale matoke tuliyapika, sahani ya kwanza nikampelekea Afande.

Juzi wametoa kijitabu kipya: keria marufuku. Wacha waandike. Nimeshaanza kusoma.