Sharti Moja Kabla ya Kuchimba

Hivi wewe ungeweza kutamka neno choo mbele ya mkweo? Bibi hakuweza. Tangu ahamie kwa binti yake, kila siku ilimbidi avuke ua na magoti yanayolia kama bawaba kavu, akachuchumae kwenye tundu la kule mwisho, kisha arudi kaegemea ukuta. Alichotaka ni choo cha kukaa, karibu na chumba chake. Lakini nyumba ni ya mkwe, na mambo kama hayo hayasemwi kwa mkwe.

Basi nguchiro, vile vijinyama vya mjini visivyojali hata honi ya pikipiki, wakafukua nyuma ya choo na kutupa nje kipande cha jiwe. Mkwe, fundi wa kuchomelea vyuma, akataka kuwafukiza kwa moshi.

"Baba watoto, acha!" binti akamkataza. "Sheria imebadilika. Nguchiro siku hizi ana wenyewe, serikali."

Jiwe likafanywa kizuizi cha mlango, mpaka jirani alipogundua kwamba lina vitundu kama mfupa. Makumbusho wakaitwa. Afisa aliyekuja, mwanamama wa viatu vya vumbi, aliligeuza huku na huku.

"Huyu ni dinosaria," alisema. "Na amelala chini ya choo chenu."

"Kachagua pa kulala!" mkwe akasema. Wakacheka wote, isipokuwa Bibi.

Afisa akaeleza: kwa sheria mpya, mifupa ya kale ni mali ya taifa. Choo kitavunjwa, ua utazungushiwa kamba, nao watajisaidia kwa jirani ng'ambo ya barabara mpaka kazi iishe.

"Ila mna haki ya kuweka sharti moja. Tutalitimiza kabla ya kuchimba."

Bibi akaitazama ile barabara, malori yakifukuzana. Akajua asiposema leo, amekwisha.

"Tangi la maji," mkwe akadakia.

"Ukuta!" akasema binti. "Nguchiro wamenimalizia mayai."

"Ukuta utaunywa?"

"Na tangi litataga?"

Afisa alisubiri, kalamu mkononi. Bibi akajikohoza. Kikohozi hicho mkwe alikizoea, akainamisha macho kwa adabu.

"Naam, Mama?"

"Habari za kazi, baba?" Ulimi ulikimbilia salamu, kama siku zote.

"Nzuri, Mama."

Binti akaguna. Afisa akaanza kuandika: tangi. Bibi akaiona ile kalamu ikitembea. Aibu ina wakati wake, na magoti yana wakati wake. Akashika mgongo wa kiti, akasimama, akakaza mtandio.

"Mwanangu, weka kalamu chini kwanza," alimwambia afisa. Kisha akamgeukia mkwe, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Baba, mimi nataka choo. Cha kukaa. Hapa, mlangoni pangu."