Hatutakuwepo Siku Hiyo

Sarafu za Egon nilizichukia, nisiseme uongo. Kila nilipotaka kusafiri, sarafu ndizo zilizokuwa na neno la mwisho. "Na nyumba tumwachie nani, Bodil?" Basi, tunakaa. Wenzetu wanarudi kutoka Uhispania wamebabuka pua kwa jua, sisi tuko palepale Thisted, mji wetu mdogo wa baridi, tunalinda sura za wafalme waliokufa.

Zilikuwa mia mbili na kumi na nne, za fedha na za dhahabu, nyingine zina miaka mia nne. Baba yake alianza kuzikusanya, Egon akaendeleza. Alizilaza ndani ya sefu, sefu akaikaza kwa bolti kwenye sakafu ya chumba cha chini, mlangoni akatia king'ora, sebuleni akaweka taa zinazojiwasha zenyewe. Mtu wa nje aliyejua yote hayo alikuwa mmoja tu: Preben, mgane wa ng'ambo ya barabara, aliyesoma darasa moja na Egon na kucheza naye karata kila Ijumaa. Ufunguo wetu wa akiba alikaa nao yeye.

Ikakaribia miaka hamsini ya ndoa yetu. Kwetu siku hiyo majirani hawaulizi. Wanakupambia mlango kwa tao la matawi ya msonobari, na saa moja asubuhi wanasimama nje wakiimba. Preben mbele na tarumbeta yake; mtaa mzima hakuna aliyeamshwa siku kama hiyo na mwingine. Nanyi mnatoka na nguo za kulalia mkijifanya mmeshtuka. Kisha wote wanaingia ndani kwa mikate, kahawa na pombe kali, na hakuna asiyekwenda chooni. Choo chetu kiko chini, jirani na sefu.

"Watu thelathini!" alisema Egon. "Huko chini! Thubutu. Tunaondoka."

"Kwenda wapi?"

"Skagen. Hoteli ya ufukweni. Siku nne."

Nilitaka kumrukia nimbusu. Hoteli! Lakini hakuwa amemaliza.

"Na usimwambie mtu, Bodil. Preben peke yake."

Sasa nisikilizeni. Ukikimbia siku hiyo bila kutoa taarifa, umewatukana watu. Wazee wa watu watapanda ngazi kufunga matawi, wataimba mbele ya mlango uliofungwa, na hata kikombe cha kahawa hawatapata. Ndiyo maana gazeti letu lina ukurasa wa pongezi, na mwenye sherehe akisafiri huandika maneno matatu chini ya jina lake: Hatutakuwepo siku hiyo. Hakuna anayenuna. Mama yangu alifanya hivyo, na dada zangu pia. Egon alipotoka kukata majani nikapiga simu gazetini, nikataja majina yetu, mtaa na namba ya nyumba. Niliona nimetimiza adabu. Kwamba wezi nao wanajua kusoma, wala halikunijia akilini.

Tuliondoka Jumanne alfajiri, na Jumanne hiyo hiyo tangazo likatoka. Preben alifanya kila alichoagizwa. Aliegesha gari lake uani kwetu, akatia takataka zake kwenye pipa letu ili lionekane la watu waliopo, akaokota magazeti. Alhamisi asubuhi alipanda baiskeli kwenda kuogelea baharini, maana kila Alhamisi huogelea, iwe jua iwe barafu. Ndani ya saa mbili alizokuwa huko wakaja wanaume wawili wenye ovaroli za bluu, na kigari cha kubebea mizigo. King'ora walikikata waya. Sefu wakaing'oa na kuitoa mchana kweupe, na Jytte wa namba kumi na nane akawapungia mkono. Alidhani wanachukua mashine ya kufulia, kwamba watoto wametuzawadia mpya.

Preben mwenyewe ndiye aliyetupigia simu. Egon aliendesha kutoka Skagen mpaka nyumbani bila kusimama hata kwa kahawa.

Polisi alikuwa binti mpole mwenye daftari. "Nani alijua kwamba hamtakuwepo?" aliuliza. "Mmeweka chochote mtandaoni?"

"Hayo mambo hatuna," alisema Egon. "Alijua Preben tu." Kisha akanigeukia. "Au wewe ulimwambia mtu?"

"Mimi? Nimwambie nani mimi!"

Likatoka hivyo, kama chafya. Binti akaliandika.

Alasiri Preben alileta magazeti ya siku zile. Niliyapokea mlangoni, na la Jumanne lilikuwa juu kabisa. Alilitazama, akanitazama. "Pole sana, Bodil," alisema. Nikamwambia ahsante jirani, nikafunga mlango, na gazeti la Jumanne nikalitia kwenye jiko la kuni. Nilijiambia kesho nitasema, Egon akishapoa.

Egon hakupoa. Siku ya tatu alisimama dirishani akitazama ng'ambo. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema.

"Unamsema nani?"

"Unamjua. Ufunguo anao yeye. Na saa zile zile ndipo alipokwenda kuogelea."

"Egon! Preben huyu huyu?"

"Haya, nitajie mwingine."

Mwingine alikuwa amekaa nyuma yake, anamenya viazi. Nikaendelea kumenya. Mungu anisamehe, nilimenya viazi vya watu sita.

Akavuka barabara na soksi zake. Sikuyasikia maneno, ila nilimwona Preben akitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo na kumkabidhi. Hakubishana. Ijumaa hakuna aliyecheza karata. Na maneno hayana mguu lakini yanatembea: wiki iliyofuata, kwenye duka la mikate, Preben aliingia na mazungumzo yakakatika. Watu wote wale walilisoma tangazo langu, lakini walidhani Egon analijua; nani hutangaza bila mumewe? Wakasema kama Egon mwenyewe, rafiki wa tangu utotoni, anamshuku, basi lipo jambo. Nami nilisimama pale na mfuko wangu wa mikate. Usiku silali, mchana nauma kucha, na kila siku kesho.

Ndipo Jytte na mumewe wakafikisha miaka ishirini na mitano ya ndoa. Saa moja asubuhi tukasimama chini ya tao, watu thelathini, tukaanza kuimba bila tarumbeta. Sauti za wanaume zikaenda huku, za wanawake kule. Nikamnong'oneza mwenzangu, mbona Preben hakuitwa?

"Tumwite yule achungulie vyumba?" akasema, na watu wawili wakacheka.

Ee Mola wangu. Sikuingia ndani kunywa kahawa. Nilikwenda moja kwa moja kwa Preben, nikamkuta jikoni amevaa suti na tai, viatu vinang'aa, tarumbeta iko mezani. Alikuwa amejiandaa, huenda wangemwita dakika ya mwisho.

"Preben," nilisema, "ni mimi."

"Naona ni wewe. Kaa."

"Siyo hivyo. Ni mimi niliyetangaza. Gazetini."

"Najua."

"Unajua?"

"Nani aliokota magazeti, Bodil? Si nilikuwekea juu kabisa?"

Nikakaa. "Sasa mbona hukumwambia Egon?"

"Angenisikia? Mwizi anamsingizia mke wa mtu?" Aliizungusha tarumbeta kidogo pale mezani. "Halafu nikasema, Bodil namjua. Kesho atakuja mwenyewe. Nikangoja kesho. Leo ni kesho ya ishirini na sita."

Nililia mpaka kamasi zikanitoka. Hakuniambia nyamaza, wala hakunipa kitambaa.

Nyumbani nilimwambia Egon nimesimama, koti sijavua. Nilisema yote: simu, gazeti, jiko, viazi. Nilitaka anipigie kelele, ningepumua. Hakupiga.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu polisi alipouliza. Egon, sarafu zako..."

"Achana na sarafu!" alisema. Miaka hamsini sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Akachukua kofia, akavuka barabara. Mlango wa Preben ukafunguliwa, wakasimama kitambo wale wazee wawili, kisha wakaingia. Nilikaa nikitazama mlango huo saa nzima.

Alirudi macho mekundu.

"Amesemaje?"

"Amenisamehe."

"Na mimi?"

"Nilikuombea. Amesema bado."

"Na wewe, Egon?"

Alikaa kwenye ngazi, akavua viatu, kimoja kimoja, akavipanga ukutani.

"Siku atakayokusamehe Preben," alisema, "na mimi nitakusamehe. Kabla yake siwezi."