Dakika Kumi za Mama Rama

Siti na mumewe Mikidadi, muuza vipuri vya baiskeli mjini Babati, walikuwa na nyumba ya vyumba vinne huko Maisaka, lakini waliishi katika vitatu. Cha nne waliita stoo, na mlango wake ulifunguka nusu tu. Ndani mlikuwa na madumu, feni isiyozunguka, mapazia ya nyumba waliyopanga kabla mtoto wao Rama hajazaliwa, na fremu za baiskeli zilizopinda. Rama mwenyewe sasa yuko chuoni. Kila Siti alipotaka kutupa kitu, Mikidadi alijibu neno moja: kitafaa.

Mwaka huu, baada ya mavuno ya mahindi, Mwalimu Wilhelmina, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama alichokuwamo Siti, aliwapa wanachama somo. Alisema anayetaka kusafisha nyumba kwa siku moja huishia kuumwa mgongo, na vitu vikabaki uani wiki nzima. Dawa ni dakika kumi kila siku. Tega simu, ingia, toa usichokitumia, na simu ikilia acha hapo hapo. Akasisitiza kwamba kitu kikishatoka kisirudi.

Siti alianza kesho yake alasiri. Siku ya kwanza alitoa viatu kumi na kimoja, akakaa kitako akijiuliza ni nani kati yao aliyewahi kurudi nyumbani na mguu mmoja mtupu. Siku ya tatu alifikia madumu. Kuyatupa alishindwa, akaona afadhali agawe. Yenye mifuniko mizuri akayaweka pembeni. Matatu yenye mifuniko iliyolegea akampa Noonkipa, mama wa Kimaasai aliyemletea maziwa kila asubuhi kutoka Singe, na mapazia juu yake. Feni na fremu zilikwenda kwa Mzee Herieli, jirani wa nyuma, fundi seremala mstaafu. Mabeseni na nguo vikaenda mtaa mzima.

Wiki ya pili sakafu ya stoo ikaonekana. Siti alimwita mumewe aje aone. Mikidadi alisimama mlangoni kama mtu aliyefika msibani akachelewa maziko, akauliza fremu ziko wapi, akaambiwa, akaenda kutawadha. Lakini baada ya siku chache naye alishikwa na hamu hiyo. Alijipa dakika zake kumi uani, akampelekea Mzee Herieli mbao zote zilizoegemea ukuta, akarudi akitembea kifua mbele.

Kilichofuata Mwalimu hakukitaja katika somo lake. Mzee Herieli alikuja na maboga manane ya shambani kwake Sigino. Siti akamwambia asijisumbue, ile feni ilikuwa mbovu. Mzee akayatua maboga chini taratibu.

"Mama Rama," alisema, "mimi bado sijawa ombaomba."

Siti akayapokea. Aliyepewa mabeseni alileta kapu la mbaazi. Kapu la watu halirudishwi tupu, kwa hiyo Siti akatia sukari. Mwenye kapu akaona sukari imezidi mbaazi, akalirudisha na kuku. Aliyepewa nguo alileta mkeka. Na kwa kuwa mgeni hapokelewi mlangoni, kila mmoja alikaa, akanywa chai. Dakika kumi za kutoa zilizaa saa nzima ya kupokea, na vyote vikaingia stoo, maana ndiko kulikokuwa na nafasi.

Asubuhi moja Noonkipa alifika na maziwa yake, na mbuzi mdogo jike amemfunga kamba. Siti alidhani anampeleka mnadani. Noonkipa akamkabidhi kamba.

"Noonkipa, yale madumu yalikuwa takataka," Siti alisema.

"Kwako," alijibu Noonkipa. "Mimi nimeziba mifuniko kwa nailoni, sasa napeleka maziwa hotelini. Kulet mwenyewe amesema mbuzi aje kwako."

Kulet alikuwa mume wa Noonkipa, mtu asiyetoa mbuzi ovyo. Siti alishika kamba. Yale madumu mazuri bado yalikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, na alijua ni kwa nini yalibaki pale. Mbuzi akamtazama, kisha akaanza kutafuna kona ya mkeka.

Mwalimu Wilhelmina hakujua lolote kati ya haya. Alisikia tu kwamba Mama Rama amemaliza stoo, akaleta wanachama tisa waone mfano. Akaufungua mlango mwenyewe, nao ulifunguka nusu. Kuku alipita katikati ya miguu yake.

"Mama Rama, si nilisema kitu kikitoka kisirudi?"

"Havijarudi, Mwalimu," Siti alisema kwa adabu. "Hivi ni vingine."

Kina mama walicheka mpaka Mwalimu naye akashindwa kujizuia. Hakuna aliyeondoka mikono mitupu: wengine walibeba maboga, wengine mbaazi, mmoja mkeka uliotafunwa kona. Mwalimu alikataa mara mbili, kisha akachagua boga kubwa kuliko yote.

Kuku Siti alimpa wifi yake. Akabaki mbuzi, ambaye sasa alikuwa akila mapazia ya sebuleni. Banda lilihitaji mbao. Mikidadi alitazama ukuta wa uani, mweupe, safi, akasema kwa sauti ndogo kwamba alijua zitafaa. Ikabidi waende kwa Mzee Herieli. Mzee hakuwa amezigusa. Alikuja nazo Jumamosi, na msumeno wake, akajenga banda zuri kuliko jiko la watu wengine, na malipo akakataa katakata.

Siti akaingia ndani kumtafutia kitu. Alizunguka chumba hadi chumba. Stoo ilikuwa tupu, chini ya vitanda kutupu, kabati la nguo limebaki na nguo zinazovaliwa. Kilichobaki cha maana ni seti ya vikombe vya wageni, yenye maua ya dhahabu, aliyoitunza miaka tisa bila kuinywea chai hata siku moja. Aliitoa, akaifuta vumbi, akamkabidhi Mzee kwa mikono miwili.

"Vizuri hivi," Mzee Herieli alisema. "Mbona unavitoa?"

"Vilikuwa vinajaza kabati tu," alisema Siti, akageuka upande wa mbuzi ili mzee asimwone uso.